Siku Tulipovunja Kuta Tatu Ngezi

Nilizaliwa Ngezi, hapa Bunia, katika parseli, yaani kiwanja cha nyumba, ya pili ukianzia chini. Watu wa mtaa wetu tunahesabu hivyo kwa sababu parseli zetu nne zimepangana kwenye mteremko, moja juu ya nyingine. Ya kwanza iko bondeni, karibu na chemchemi. Ya nne iko juu kabisa, na mlango wake unatazama barabara kubwa. Katikati tuko sisi, na juu yetu yuko jirani mchimba dhahabu. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi na nimeandika ubaoni mambo mengi ambayo mwenyewe nimeyasahau, lakini habari ya parseli hizi nne nikianza kuieleza siwezi kukaa kwenye kiti. Wanafunzi wangu wanajua. Wakitaka hesabu ichelewe, mmoja ananyoosha mkono: "Madamu, tuelezee tena vile mulivunja ukuta." Na mimi nanaswa kila mara.

Baba alifika Bunia akitoka Aveba, kijana mwenye mwiko wa kujengea na shati moja. Mama alitoka Bule, kule juu kwenye baridi, akishuka na viazi na kabichi kila siku ya soko. Walikutana sokoni. Baba alikuwa anajenga meza za saruji za wauza nyama, Mama akapita na gunia lake kichwani akamwambia meza yake imepinda. Baba akavuta uzi, akapima, akakuta kweli imepinda. Akaibomoa palepale. Mama alituambia kwamba alikubali kuolewa naye kwa sababu ya ile meza, na Baba alituambia kwamba hakuwahi kupata nafasi ya kukataa.

Wakati huo Ngezi ilikuwa majani marefu na mikaratusi. Kila aliyejenga hapo alikuwa ametoka mahali pengine. Jirani wa parseli ya tatu alizaliwa katika mji wa machimbo. Baba yake alitoka upande huu wa nchi na mama yake upande ule, wote wawili wakiwa wamefuata dhahabu. Yeye ni Mwislamu. Ukimwuliza kabila lake anacheka na kusema, "Andika tu: mutu wa shimo." Parseli ya nne ilikuwa ya dereva wa malori, mtu mrefu mwenye sauti nzito, ambaye alikuwa akienda Kisangani na kukwama kwenye matope mwezi mzima. Akirudi, watoto wote wa mteremko tulilikimbilia lori lake. Chini kabisa aliishi fundi cherehani na familia yake kubwa.

Njia moja ilipita katikati ya parseli zote nne. Ilianzia barabara kubwa, ikaingia kwa dereva, ikapita mbele ya jiko la mchimba dhahabu, ikapita chini ya dirisha letu, ikamalizikia kwenye chemchemi, nyuma ya nyumba ya fundi cherehani. Hapakuwa na ukuta, palikuwa na ua wa miti midogo tu uliokatwa kufika kiunoni. Mwanamke aliyekwenda kuchota maji aliwasalimia watu wa nyumba nne kabla hajajaza ndoo. Mimi nilijifunza kusema "hodi" kabla ya kujifunza kusoma. Mwezi wa Ramadhani nilijua saa ya kupita kwa mchimba dhahabu ili nipewe maandazi, na siku ya Noeli watoto wake walijua saa ya kupita kwetu. Dereva alikuwa na redio. Aliiweka dirishani, na mechi ya mpira ilisikika mpaka bondeni.

Nilikuwa na miaka kumi na moja vita vilipoingia mjini. Sitaki kueleza mengi, na ninyi wa huku hamhitaji nieleze. Tuliondoka kwa miguu kwenye barabara ya Beni, Baba akiwa amembeba mdogo wangu, Mama akiwa amebeba sufuria moja. Huko Beni tulikaa miaka sita, tukapokewa katika nyumba ya watu ambao hawakutujua.

Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa kuta tupu. Manjanja yote, yaani mabati ya paa, yalikuwa yameondolewa. Sebuleni mlikuwa mmeota maharage, tena yamezaa vizuri. Mama alicheka mpaka akalia, kisha akayachuma, tukayala usiku huo. Fundi cherehani hakurudi tena, wala hatukujua aliko. Mchimba dhahabu alirudi. Dereva alirudi kabla yetu, na nyumba yake nayo ilikuwa imevuliwa paa.

Baba alipata manjanja ya zamani kwa mfanyabiashara mmoja wa sokoni, akaezeka. Wiki hiyohiyo dereva alisimama kwake juu, akatazama paa letu kwa muda mrefu, kisha akashuka.

"Ile manjanja ya pembeni, yenye kujikunja, ni yangu," alisema. "Miye mwenyewe niliigonga na lori."

Baba akaapa kwamba aliipata sokoni. Dereva akauliza, sokoni kwa nani? Baba akamtaja mtu huyo, lakini alikuwa amekwisha kuhama. Dereva akatikisa kichwa, akapanda kwake. Hawakusemezana tena mpaka Baba akafa. Siku ya maziko dereva alikuja, akasimama nyuma ya watu wote, akaondoka kabla ya chakula.

Kuta zilianzia hapo. Dereva alijenga ukuta kati yake na mchimba dhahabu, akaziba njia. Mchimba dhahabu aliumia, kwa sababu hakuwa na ugomvi na mtu. Baba kabla ya kufa alikuwa ameanza ukuta kati yetu na mchimba dhahabu, si kwa chuki, ila kwa sababu njia ilikuwa imeshafungwa juu na wezi walikuwa wanapita. Nilipoanza kufundisha niliumaliza mimi, nikapanda vipande vya chupa juu yake, na nilijivunia ukuta wangu. Parseli ya kwanza ilinunuliwa na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, ambaye alikuja na familia yake kutoka Butembo kwa sababu kule nako kulikuwa kumeharibika. Ukuta wake ulikuwa mrefu kuliko wote. Nilimpelekea sombe, yaani kisamvu, siku aliyohamia, akanipokea mlangoni, akanishukuru, hakunikaribisha ndani.

"Nisamehe, Madamu," aliniambia. "Nimekimbia mara mbili. Ya tatu sikimbie."

Basi tukaishi hivyo. Dereva alitoka kwenye barabara kubwa. Sisi watatu wa chini tulitokea kwenye kichochoro cha pembeni, ambacho kila msimu wa mvua kilichimbika zaidi, mpaka kikawa na korongo katikati. Chemchemi ilijaa takataka, maana njia ya kuifikia haikuwapo. Tulinunua maji ya kusukumwa kwa baiskeli.

Sasa nafika mahali penyewe.

Ilikuwa Jumamosi, miaka michache iliyopita. Mvua ilianza alfajiri, si mvua ya kawaida, ilipiga manjanja mpaka husikii mtu aliye mbele yako. Nilikuwa naweka maji ya chai kwenye makaa nikasikia mtu anapiga ukuta wa chini. Nikatoka na mwavuli.

"Madamu! Madamu! Uko?"

Ilikuwa sauti ya mama wa vitenge. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniita kupitia ukutani.

"Niko, mama! Kuko nini?"

"Mutoto iko inakuja! Bibi ya kijana yangu, uchungu inamukamata toka alfajiri. Na njia iko imekatika!"

Nilikimbia kwenye lango langu nikafungua. Kichochoro hakikuwapo. Pale palipokuwa na njia palikuwa na maji mekundu yakishuka kwa kishindo, yamebeba matofali, majani ya migomba na kiti cha mtu. Lango la mama wa vitenge lilikuwa linaning'inia juu ya korongo. Kijana wake, mume wa yule mwanamke, alikuwa Mahagi kufuata bidhaa. Ndani mlikuwa na wanawake wawili tu, mmoja akiwa na uchungu.

Nikarudi ukutani. "Ni mimba ya kwanza?"

"Ya pili. Ya kwanza tulifika materniti tumechelewa."

Nilielewa: mtoto yule walimpoteza. Palepale nikajua kitu cha kufanya, ingawa sikuwa nimekifikiri: tumpitishe kwa juu, mpaka barabara kubwa. Nilikwenda kwenye ukuta wangu mwenyewe, ule wa juu, nikapanda kwenye pipa, nikapaza sauti kwa mchimba dhahabu.

"Muzee! Papa! Njoo haraka!"

Alitoka akiwa amejifunika gunia la plastiki kichwani. Ana ndevu nyeupe na mgongo ulioinama kidogo, lakini mikono yake ni ile ile. Nikamweleza kwa maneno matano. Aliingia ndani akatoka na sururu yake ya machimboni, ile ambayo mpini wake umeng'aa kwa kushikwa.

"Ngazi iko?" aliuliza.

"Hapana. Na tutampandishaje na lile tumbo? Chupa ziko juu."

"Basi hakuna ngazi." Akaushika ukuta kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Ukuta ni yako, Madamu. Nipige?"

Nilikuwa nimeumalizia kwa likizo tatu. Nilikuwa nimechagua tofali moja moja.

"Piga!" nilisema. "Piga, Papa!"

"Rudi nyuma. Bismillahi!"

Alipiga chini, si juu. Nilidhani amekosea, kumbe anajua kazi. Alitoa matofali mawili karibu na msingi, akatoa la tatu, akapiga mara moja upande wa kulia, na kipande kizima cha ukuta kikalala upande wangu pamoja na chupa zake. Sikuamini. Kazi ya likizo tatu ilikwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Akapita juu ya matofali, katikati ya mvua, akaniangalia, akacheka.

"Jiwe ya shimoni iko ngumu," alisema. "Hii ni biskuti."

Tukashuka mbio mpaka kwenye ukuta wa mama wa vitenge. Huo haukuwa biskuti. Ulikuwa na saruji nyingi na nondo kwenye nguzo. Mzee akapiga, sururu ikarudi. Nami nikachukua jembe langu la bustani nikaanza kukwangua kati ya matofali. Ndipo tukasikia kishindo kutoka upande wa pili: du, du, du.

"Mama, unafanya nini?"

"Na miye napiga!"

Alikuwa amechukua mchi wa kutwangia sombe, na alikuwa anautwanga ukuta wake mwenyewe kutoka ndani. Mwanamke aliyejenga ukuta mrefu kuliko wote wa Ngezi! Nikaanza kucheka, sijui kwa nini, nacheka huku nalia, huku nakwangua. Mzee akampigia kelele atwange kando ya choo, kwa sababu hapo ndipo fundi alipofanya kazi ya haraka, sauti ya tofali inasema. Akatwanga hapo. Mzee akapiga hapohapo kutoka upande wetu. Tofali la kwanza likaruka, kisha mkono wenye bangili ukatokea kwenye tundu, na mimi nikaushika. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika mkono.

Tulipanua tundu mpaka likawa mlango. Mke wa kijana wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amejifunga kitenge, jasho linamtiririka. Hakuweza kutembea. Tukambeba na kiti chake: mzee nyuma ameshika egemeo, mimi na mama mkwe wake mbele, kila mmoja ameshika mguu wa kiti. Matope yalifika kwenye vifundo. Kila uchungu ulipomjia alisema "Simama!" tukasimama mvuani, kisha akasema "Twende!" tukaenda. Tukapita uwanja wangu. Tukavuka matofali ya ukuta wangu. Tukapita mbele ya jiko la mchimba dhahabu, palepale nilipokuwa nikipewa maandazi.

Tukafika kwenye ukuta wa dereva.

Mzee alikuwa anahema sana. Aliegemea sururu, midomo yake imekuwa ya kijivu. Nikaona hataweza ukuta wa tatu. Nikapiga kwa ngumi.

"Papa! Papa dereva!"

Nikapiga tena. Miaka zaidi ya kumi sikuwa nimemwita mtu huyo.

"Ni nani?" Sauti ile nzito ikauliza.

"Ni mimi. Mutoto ya mwashi." Sikujua kama nitaje jina la Baba. "Tuko na mwanamke, anataka kuzaa. Njia ya pembeni imekatika. Tunaomba tupite kwako."

Mama wa vitenge alinikazia macho, na mimi nikafikiri: leo atakataa, na tutarudi kulia kwangu. Kisha ile sauti ikasema:

"Rudini nyuma. Wote. Huu nitavunja miye."

Tukasikia mlango wa gari ukifungwa. Tukasikia injini ikikohoa, ikazimika, ikakohoa tena, ikawaka. Alikuwa na pikapu ya zamani, ambayo majirani wote walidhani imekufa. Mzee akaelewa kabla yetu. "Kimbia pembeni!" akapiga kelele, tukakivuta kiti hadi kwenye kibaraza cha jiko. Injini ikanguruma, na ukuta wa dereva ukaanguka kama ulivyo, kuanzia juu hadi chini, na katikati ya matofali ikaingia nyuma ya pikapu, taa moja imevunjika. Yeye akachungulia dirishani, nywele nyeupe, uso umelowa.

"Mupandishe!" alisema.

Lakini yule mwanamke akasema, kwa utulivu kabisa, "Mama, hatufike. Iko hapa."

Basi tukamwingiza kwenye nyumba ya dereva, kwenye kitanda cha dereva, ambacho alikuwa amekitandika vizuri kama askari. Dereva mwenyewe akateremka akakimbia barabarani, mzee wa zaidi ya miaka sabini, akasimama katikati ya barabara kubwa na mikono juu mpaka motari mmoja, mwendesha pikipiki ya abiria, akasimama. Alimtuma kituo cha afya kumleta mkunga. Mkunga alifika amekaa nyuma ya pikipiki na begi lake kifuani, amelowa, akauliza tu, "Iko wapi?" akanawa mikono.

Mtoto wa kike. Alilia kwa nguvu hata wale wawili waliokuwa nje walimsikia kupita mvua. Mama wa vitenge alitoka kibarazani kuwapa habari, akapiga vigelegele peke yake, na kutoka nyumba za mbali, juu ya barabara na chini bondeni, wanawake ambao hawakujua lililotokea wakamwitikia.

Nilitoka nami kupumua. Mvua ilikuwa inakatika. Mchimba dhahabu alikuwa amekaa kwenye ngazi akinywa chai ya dereva. Dereva alikuwa amesimama peke yake kwenye matofali ya ukuta wake, akitazama chini, kwenye paa letu. Nikasimama kando yake.

"Madamu," alisema, "ile manjanja yangu niliikuta."

"Uliikuta wapi?"

"Komanda. Kwenye duka ya mutu. Namba ya lori yangu niliandika humo kwa rangi, ilikuwa bado. Ni zamani, baba yako alikuwa muzima." Akajifuta uso. "Nilisema nitashuka kumuambia. Leo nashuka, kesho nashuka. Kisha akakufa. Nikakuja kwenye maziko nikasema nitaambia mama yako. Watu walikuwa wengi. Nikarudi."

Nilikasirika. Nasema kweli, nilitaka kumpigia kelele. Baba alikwenda kaburini akijua kuna jirani anayemwita mwizi. Lakini ndani ya nyumba mtoto alikuwa analia, na mwanamume huyo alikuwa amevunja ukuta wake na gari lake kwa ajili ya watu asiowajua, na alikuwa ananitazama kama mwanafunzi aliyesimama mbele ya ubao.

"Utashuka leo," nilimwambia. "Mama yangu yuko kanisani tangu jana usiku kwenye mazoezi ya kwaya. Akirudi utashuka, utamwambia mwenyewe."

Alishuka. Alishuka kwa njia ya kati, akapita kwa mchimba dhahabu, akavuka matofali yangu, akasema "Hodi" mbele ya dirisha letu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mume wangu angetaka kusikia hiyo." Hakumwambia kwamba amemsamehe. Lakini alimpa kiti, na baadaye akampa bugali na maharage, naye akala yote.

Jumatatu nilimwona mama wa vitenge akisimama kwenye tundu lake na fundi. Nikasema moyoni: anaziba. Nikashuka nikiwa na chaki bado mkononi.

"Fundi anataka kujua," aliniambia, "ni mlango ya upana gani."

Mlango! Niliruka, wallahi, mwalimu mzima niliruka kwenye matope.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Tulikubaliana tuweke milango mitatu: iwe wazi mchana, ifungwe jua likizama, na kila nyumba iwe na funguo zote. Jumamosi tulifanya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na matofali ya kuta zetu tukayatandaza kwenye njia ili watu wasikanyage matope. Jumamosi ya pili tulikwenda kwenye chemchemi. Tulitoa chupa, viatu, matairi, sufuria, baiskeli nzima. Mchimba dhahabu aliingia mpaka kwenye mapaja, akatafuta jicho la maji kwa vidole vyake, akasema "Iko hapa," na maji yakaanza kububujika kati ya vidole. Wasichana waliokuwa wamezaliwa Ngezi baada ya vita hawakujua kwamba hapo kulikuwa na maji. Mmoja aliyaonja akapiga kelele, "Ni baridi!" Kila mtu akataka kuonja.

Watu wa mteremko wa pili walikuja kutazama. Baadaye nao wakafungua mlango mmoja, kisha miwili. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alikuja na daftari, akauliza ni mradi wa nani. Mchimba dhahabu akamjibu, "Ni mradi ya mutoto," na shefu akaandika hivyohivyo. Tulipoanza kuchimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua kando ya kichochoro, tulikuwa wengi hata majembe hayakutosha, tukachimba kwa zamu, na waliokuwa wakingoja zamu waliimba. Nilisikia nyimbo za Bule na nyimbo za Butembo, na Kilingala kikijaza nafasi zote zilizobaki.

Na watu wanakuja. Kichochoro kimesimama, kimepandwa majani ya kushika udongo, na parseli zilizokuwa tupu zimeanza kujengwa. Wapo waliotoka kambi za wakimbizi, wamechoka kukaa chini ya turubai. Wapo wachimbaji wawili walioamua kuleta familia zao mjini ili watoto wasome. Darasani kwangu sasa mna watoto ambao nikiwauliza nyumbani wanasema lugha gani, napata majibu saba au nane, kisha kengele ikilia wote wanakimbilia mpira kwa Kiswahili chetu hiki.

Mwezi uliopita mchimba dhahabu alimwoza binti yake wa mwisho. Wageni walikuwa wengi kuliko uwanja wake. Alikuja kwetu akikuna ndevu, hajui aanzeje kuomba, na mama wa vitenge akamkatiza: "Muzee, siye tulishagawana kazi jana." Kwa dereva uliwekwa muziki, kwa sababu umeme wake haukatiki sana. Kwa mchimba dhahabu yalifanyika maombi na nikaha. Kwangu iliwekwa meza ya wazee. Kwa mama wa vitenge ulipikwa pilau, na Mama yangu, mwimbaji wa kwaya, alikaa jikoni huko na wake wa Waislamu tangu asubuhi, wakibishana kuhusu iliki. Vitambaa vyekundu vilifungwa kwenye milango yote mitatu, na saa nane mchana mteremko mzima ulikuwa ukicheza.

Nilikuwa nashuka na sinia la samaki nikakutana na mgeni mmoja, mjomba wa bwana harusi, aliyefika siku hiyo kutoka Kisangani. Alikuwa amesimama kwa dereva, suti yake nzuri, zawadi mkononi, ametazama huku na huku.

"Samahani, Madamu," aliniuliza, "harusi iko parseli gani? Nimeambiwa ya tatu, lakini naona watu kila mahali."

Kabla sijajibu, dereva, aliyekuwa anatengeneza waya wa spika, akamgeukia na ile sauti yake.

"Ingia tu, ndugu. Mahali utakuta chakula, ni hapo."

Akaingia. Baada ya nusu saa nilimwona bondeni kwa mama wa vitenge, koti amelivua, anacheza na bibi ambaye hakuwa hata ndugu wa bibi harusi.